Kazi za Umma na Mikono Iliyozifanya

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Mtwara)



Tulipotakiwa na halmashauri tuseme neno katika mkutano huu, tulifikiri kwanza kusema juu ya mishahara, maana hilo ndilo neno ambalo kila mtu hulisikiliza pasipo kusinzia. Lakini mishahara ina siku zake. Leo twataka kusema juu ya kazi za umma, yaani barabara, magati, reli, madaraja na majumba ya serikali. Na juu ya watu waliozifanya kwa mikono yao. Tena juu ya uzuri, kama una haki ya kuwamo ndani ya kazi hizo au hauna. Huenda mtu akasema, Hayo ni mambo ya wahandisi, makarani wana neno gani? Jibu letu ni hili: hakuna jiwe la serikali lililowekwa juu ya jiwe jingine ila karani alikuwapo, ameshika kalamu, akiandika. Basi, alichoandika na alichoacha kuandika ni haki yetu kukichungua.

Tuanze mbali, kisha turudi nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1929 biashara ya dunia iliingia katika dhiki kuu. Huko Marekani, ilipofika mwaka 1933, katika kila wafanya kazi wanne mmoja alikuwa hana kazi. Bwana Franklin Roosevelt, aliyeshika urais mwaka huo, aliona kwamba kumpa mtu chakula cha sadaka ni kumwokoa tumbo na kumvunja moyo. Kwa hiyo serikali yake ikaanza kuwaajiri wasio na kazi. Vijana wakapelekwa makambini kupanda miti na kutengeneza njia za misitu. Na kuanzia mwaka 1935 ikaundwa idara kubwa ya kazi za umma, ambayo hata ilipofungwa mwaka 1943 ilikuwa imewaajiri watu wapatao milioni nane na nusu, mmoja baada ya mwingine. Walijenga barabara, shule, madaraja na viwanja vya ndege. Lakini jambo lililowashangaza wengi ni kwamba serikali haikuwaajiri wachimbaji na waashi peke yao. Iliwaajiri pia wachoraji, wachongaji, wafuma nguo na wapiga muziki, ikisema kwamba nao wana matumbo, na ufundi wao ni mali ya nchi.

Mfano mmoja watutosha. Katika jimbo la Oregon, upande wa magharibi wa nchi ile, kuna mlima mrefu wenye theluji uitwao Hood. Juu ya ubavu wake, kati ya mwaka 1936 na 1938, watu wa kazi za umma walijenga nyumba kubwa ya wageni iitwayo Timberline, na Rais mwenyewe alikwenda kuiweka wakfu tarehe 28 Septemba, 1937. Fedha za mapambo zilikuwa chache. Basi mafundi walifanyaje? Walichukua nguzo kuukuu za nyaya, za mti wa mwerezi, wakazichonga vichwa vya wanyama na ndege wa nchi ile, wakazisimamisha penye ngazi. Walichukua vipande vya reli vilivyotupwa, wakavifua kuwa vyuma vya kushikilia kuni katika meko. Walichukua mablanketi yaliyochakaa ya makambi ya vijana, wakayakata na kuyasuka yakawa mazulia. Nyumba ile ingali ikipokea wageni hata leo, nayo ni mali ya umma.

Kulikuwa tena na ofisi nyingine, chini ya Wizara ya Hazina, iliyoanzishwa mwaka 1934. Kanuni yake ilikuwa nyepesi hata mtoto aweza kuishika: serikali ijengapo jumba, kama vile posta, sehemu kama moja katika mia ya gharama itengwe kwa picha au sanamu. Kwa kanuni hiyo posta zaidi ya 1,000, nyingi katika miji midogo ya mashamba, zilipata picha ukutani. Mkulima aliyekwenda kununua stempu alijiona mwenyewe ukutani, na ng'ombe wake, na mto wa kwao.

Wala msidhani kwamba twaisifu nchi ile kupita kiasi. Mambo yao yalikuwa na kasoro kubwa. Katika makambi ya vijana watu weusi walitengwa na weupe, na mara nyingi Mweusi alipewa kazi ya chini hata kama alikuwa fundi. Miji mingine iligombana juu ya picha, watu wakisema, Huyu mchoraji ametuchora vibaya. Lakini shina la jambo lilikuwa jema: mtu alipewa kazi, akapewa ujira, na kazi yake ikabaki mahali pa watu wote.

Sasa turudi nyumbani. Dhiki ile ile ilifika Tanganyika. Bei ya katani, ambayo mashamba ya Lindi na Mikindani yaliitegemea, ilianguka chini ya nusu. Wenye mashamba wakapunguza vibarua. Serikali nayo ikapungukiwa. Mwaka 1932 akatumwa Sir Sydney Armitage-Smith kutoka Uingereza kuja kuchungua fedha za nchi, na watumishi wengi wakapunguzwa kazini. Wazee wa vyama vyetu waliuonja uchungu ule. Tukumbuke kwamba chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na Bwana Martin Kayamba alikuwa rais wake. Kwa hiyo dhiki ilipokuja, makarani walikuwa na mahali pa kukutana na kushauriana. Mwanakijiji hakuwa napo.

Na mwanakijiji alifanyiwa nini? Kodi ya kibanda na ya kichwa haikuondolewa kwa sababu bei zimeanguka. Asiyeweza kuilipa kwa shilingi alitakiwa ailipe kwa jasho: alipelekwa barabarani, au katika kazi nyingine ya serikali, akafanya kazi siku zake hata deni likaisha. Tazameni basi tofauti. Mwaka ule ule mmoja, chini ya dhiki ile ile, kule mtu alishika sururu ya serikali akarudi nyumbani na mshahara. Huku mtu alishika sururu ya serikali akarudi nyumbani na stakabadhi. Kazi za umma zote mbili. Barabara zote mbili. Lakini ya kwanza ilimwinua mtu, na ya pili ilimwondolea deni ambalo hakulikopa.

Twasema haya si kwa kufukua makaburi, bali kwa sababu ni jawabu la swali ambalo wengi huuliza: kwa nini watu wetu husitasita waitwapo katika kazi ya umma? Husitasita kwa kuwa babu zao waliijua kwa jina la kodi.

Kazi kubwa ya umma katika pwani yetu ilikuja baadaye. Hata mwaka 1947 makao ya serikali ya wilaya yalikuwa Mikindani, katika boma lililojengwa na Wadachi mwaka 1895, karibu na pwani ile ambako Dokta Livingstone alishuka mwaka 1866 kwenda safari yake ya mwisho. Mtwara kilikuwa kijiji cha wavuvi. Ndipo serikali ya Uingereza ilipokata shauri la kulima karanga ili ipate mafuta ya kula baada ya vita. Mahali palipochaguliwa katika Tanganyika ni patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea, na katika maandiko ya kwanza sehemu iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa huku Kusini. Lakini Kongwa na Urambo zilikuwa karibu na reli. Nachingwea haikuwa na reli wala bandari yenye maji ya kutosha kwa meli kubwa. Kwa hiyo ghuba ya Mtwara, yenye kina tangu kuumbwa kwake, ikachaguliwa. Kati ya mwaka 1948 na 1954 likajengwa gati la meta 385. Ikajengwa na njia ya reli, kutoka pwani hata Nachingwea, na baadaye tawi likafika Masasi. Mji ukapimwa kwa barabara pana mno, mji wa watu wengi ambao walikuwa hawajazaliwa bado.

Kisha karanga zilikataa. Udongo ulikuwa mgumu, mvua hazikuja kwa mpango wa maofisi, mitambo iliharibika, na mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekwisha. Hasara ilikadiriwa kuwa pauni milioni 36. Gati lilimalizika baada ya shehena lililongojewa kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Watu wengi, wakifika hapa, hucheka. Sisi hatucheki, maana twajua yaliyobaki. Korosho, ambayo hakuna waziri aliyeipangia gati, ndiyo iliyokuja kulitumia gati. Majumba ya Nachingwea yalikuwa makao ya wapigania uhuru wa Msumbiji, na wengi waliojifunza hapo walivuka Ruvuma. Mashujaa wa kwetu waliokufa vitani wamelala Naliendele, si mbali na hapa tulipoketi. Na mwaka 2010 Daraja la Umoja la meta 720 lilifunguliwa juu ya Ruvuma, kwa fedha za nchi mbili, likitimiza shauri la Mwalimu Nyerere na Rais Samora Machel la mwaka 1975. Basi kazi ya umma ni kama mti wa mwembe: aliyeupanda huwaza kivuli, na wajukuu hula maembe. Lakini ni nani aliyeupanda? Hapo ndipo tunapotaka kusimama.

Tulipokuwa tungali vijana kazini, katika ofisi ambayo hatutaitaja, alikuja mzee mmoja wa kutoka upande wa mto. Alisema kwamba alibeba kokoto na saruji katika ujenzi wa gati tangu ndevu hazijamtoka. Hakudai fedha. Alikuwa amesikia kwamba mambo ya zamani yanaandikwa, akataka tumtazamie jina lake katika vitabu. Tukafungua makabati. Tukapata hesabu za saruji, mapipa kwa mapipa. Tukapata hesabu za mbao, za misumari, za mafuta ya mitambo, na majina ya mainjinia yamepigwa taipu vizuri. Vibarua tuliwakuta katika mstari mmoja: idadi yao, na jumla ya posho. Vitabu vya majina, tuliambiwa, vilichomwa siku moja ili kupata nafasi ya makabati mapya.

Mzee akatuuliza, "Wanangu, hata namba ya kipande changu haimo?" Akaitaja namba ile kwa moyo, kama mtu atajavyo jina la mwanawe. Tukamjibu kwamba haimo. Akatushukuru, akavaa kofia yake, akaondoka. Hakurudi tena, nasi hatukumwuliza kijiji chake. Hata jina lake tulilisikia tukalisahau, maana hakuna aliyekuwa na karatasi mkononi. Wanachama wenzetu, wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wenye daftari tuliipoteza mali ile mara mbili: mara ya kwanza kwa moto, na mara ya pili kwa uvivu.

Sasa tuseme juu ya uzuri. Pwani yetu na nyanda za juu za Newala si nchi isiyo na mafundi. Wachongaji wa Kimakonde, wa huku na wa ng'ambo ya Ruvuma, wamejulikana tangu zamani kwa vinyago vya ngoma, kwa vikopo na vijaluba na fimbo. Profesa Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 alikusanya vitu vingi vya namna hii kwa nyumba ya makumbusho ya Ulaya. Wamakonde wengi walivuka mto kuja kukata mkonge, na baada ya kazi wakachonga mpingo. Na kuanzia miaka ya 1950 kazi zao zikanunuliwa Dar es Salaam na kupelekwa duniani kote. Mikindani nako kuna milango ya nakshi inayoonyesha kwamba seremala wa pwani hakuhitaji kufundishwa maana ya jumba zuri.

Lakini tuulize: gati lilipojengwa, na stesheni, na maofisi, na majumba ya mabwana, je, yuko mchongaji mmoja aliyeitwa, akaambiwa, Chonga nguzo hii, nasi tutakulipa kama tumlipavyo mwashi? Mkono ule ule uliochonga kinyago usiku ulibeba kokoto mchana, na katika hesabu ukawa kibarua tu. Na yale mataruma na vyuma vya reli vilipong'olewa, hakuna aliyefikiri kama wale wa mlima Hood, kwamba vyuma vilivyotupwa vyaweza kuwa pambo la nyumba ya umma na ukumbusho wa waliovilaza.

Picha za ukutani twazo, lakini hazikuletwa na serikali. Nendeni Majengo, katika kanisa la Mtakatifu Paulo. Ukuta wa mbele na kuta za ubavuni zimejaa picha za Maandiko, zenye rangi nyingi, kazi ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani, aliyezichora kwa muda wa miaka kama miwili, kama alivyochora katika makanisa mengine ya Kusini, Nyangao na Lindi. Nasi tulio Waislamu katika chama hiki twaweza kuzitazama pasipo kubadili dini, tukaona jambo moja: mzee asiyejua kusoma husimama mbele ya ukuta ule akasoma. Ikiwa kanisa limeweza, mbona hospitali, mahakama na posta hazijaweza?

Yuko atakayesema, "Nchi yenye uhaba wa madawati haina fedha ya vinyago." Neno hilo lina uzito, wala hatulidharau. Lakini kumbukeni kwamba kanuni ile ya Marekani ilitungwa wakati wa njaa, si wakati wa shibe. Na tena fedha iliyolipwa mchongaji wa Mtwara hulala Mtwara. Humnunulia mwanawe daftari, humlipa mwenye duka, hurudi sokoni. Marumaru zikiagizwa ng'ambo, fedha yake hupanda meli palepale gatini ikaenda zake.

Yuko mwingine atakayesema, "Watu wataka kazi na faida, hawataki ukumbusho." Huyu tungemkumbusha mambo ya mwaka 2013. Katika Januari na tena katika Mei mwaka ule watu wa Mtwara waliinuka kwa sababu ya bomba la gesi ya kwenda Dar es Salaam. Watu walipoteza maisha, na mali nyingi iliharibika, nasi hatusifu fujo. Lakini swali lililokuwa chini ya fujo ile lilikuwa fupi: kikiondoka hiki, kitabaki nini hapa? Ndilo swali la reli. Ndilo swali la yule mzee. Faida na ukumbusho si vitu viwili; mtu ambaye jina lake halikuandikwa hana mahali pa kusimama akidai faida.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu mbele ya mkutano.

La kwanza, kila mwanachama anunue daftari moja, na katika likizo yake awaendee wazee wa kijiji chake, aandike jina la kila mtu aliyefanya kazi katika gati, reli, barabara na daraja, mwenyewe au babaye, na kazi aliyoifanya. Wenye kumbukumbu za gati na reli wanapungua kila masika. Madaftari yakisha, yapelekwe mahali pa kutunzwa, nakala moja ikae kwetu.

La pili, kila mwenye kukaa katika ofisi inayojenga au kukarabati jumba aweke mezani, kwa adabu na kwa maandishi, shauri la kutenga sehemu moja katika mia kwa mafundi wa mahali pale: mlango, nguzo, benchi au ukuta. Wachaguliwe hadharani, walipwe kwa stakabadhi, na jina la fundi lichongwe juu ya kazi yake.

La tatu, tusichome vitabu vya majina. Tukikosa nafasi, na tuombe nafasi. Kabati jipya hupatikana kila mwaka. Kitabu kilichochomwa hakipatikani.

Wanachama wenzetu, mashauri haya hayahitaji sheria mpya wala safari ya waziri. Shauri la kwanza lahitaji kalamu, nayo kila mmoja wetu anayo mfukoni sasa hivi. Boma la Mikindani lilikuwa gofu, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 likaanza kutengenezwa tena. Kwa hiyo twajua kwamba kilichoanguka chaweza kuinuliwa. Lakini ukuta hungoja. Mzee hangoji.

Kama yuko mmoja kati yenu anayemjua yule mzee wa namba ya kipande, au watoto wake, twamwomba atuone baada ya mkutano. Tutakuwa hapa mlangoni, na safari hii tuna karatasi.